Bodi Haikuwa Imekufa: Historia Fupi ya Jicho Lililofichwa Kwenye Simu Yako

Wasee, leo naanza kwa kukiri kosa. Mwaka juzi nilitangaza kifo cha simu ambayo ilikuwa hai.

Nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, na binamu yangu akanipa meza kwenye kibanda chake cha kurekebisha simu hapa Migori mjini, karibu na steji. Siku moja akaja mama muuzaji wa omena kutoka Sori. Simu yake ilikuwa imeanguka na kioo kimepasuka. Nikabadilisha kioo, nikapanguza, nikamrudishia ikimetameta. Elfu mbili na mia tano. Akalipa bila kuteta bei.

Baada ya siku tatu alikuwa amerudi. "Nyathina," akaniambia, "hii simu nikipiga tu, inazima. Mtu anaongea, namsikia vizuri, lakini kioo ni giza. Tukimaliza siwezi kukata. Kredo inaisha nikiangalia."

Nikaifungua, nikachungulia, sikuona kitu. Na kwa sababu neno "sijui" ni zito sana mdomoni mwa kijana aliyeacha chuo, nikasema: "Mama, bodi imekufa." Nikampeleka duka la jirani, akachukua simu nyingine ya lipa mdogo mdogo. Alipoondoka, jirani akanitolea mia tatu ya asante kwa kumletea mteja. Nikaitia mfukoni.

Bodi haikuwa imekufa. Kilichokuwa kinasumbua nilikuja kukielewa miezi mingi baadaye, na ili nikueleze vizuri inabidi turudi nyuma mpaka 1873. Twende pole pole.

Jicho lenyewe ni gani?

Chukua simu yako. Juu ya kioo, karibu na pale unapowekea sikio, kuna kidoa kidogo. Kama simu yako ni nyeusi huenda hujawahi kukiona. Hicho ndicho kifaa kinachopima mwanga. Kuna watu wanakiita sensa, lakini ukitaja sensa huku Nyatike mtu atakuuliza kama serikali imekuja tena kuhesabu watu. Kiswahili cha darasani kinasema kihisi. Sisi kwa kibanda tunasema jicho, na leo nitatumia hilo.

Jicho hilo lina kazi mbili. Ya kwanza ni kupima mwanga wa mahali ulipo, ndio maana kioo kinaongeza mwangaza ukiwa juani Muhuru Bay na kinapunguza ukiwa kitandani. Ya pili ni kujua kama uso wako uko karibu. Kitaa kidogo kando yake kinatoa mwanga usioonekana, mwanga unagonga shavu lako, unarudi, jicho linaupokea na kusema: huyu ameweka simu sikioni, zima kioo asije akabonyeza vitu kwa shavu.

Sasa shida iko hapa. Jicho haliwezi kufanya kazi bila mwanga kulifikia, kwa hivyo linahitaji dirisha. Naye anayechora sura ya simu hataki kuona dirisha lolote kwenye kioo chake. Ugomvi wa hao wawili ndio historia yote ya leo.

Jicho la kwanza lilidhaniwa ni kasoro

Jicho la kwanza la umeme halikufichwa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni jicho. Willoughby Smith alikuwa Mwingereza wa kazi ya telegrafu, zile nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Alihitaji kitu kinachozuia umeme usipite kwa urahisi ili kimsaidie kupima nyaya, akachagua vijiti vya seleniamu. Vijiti vikamchanganya. Saa hii vinasoma hivi, baadaye vinasoma vile. Fundi gani angeviamini?

Yeye na msaidizi wake, Joseph May, wakafuatilia mpaka wakajua: ni mwanga. Seleniamu ikiwa gizani, umeme unapita kwa taabu. Ukiiangazia, umeme unapita kirahisi. Smith akatangaza jambo hilo Februari 1873. Na usidhani hii kazi ya nyaya ilikuwa mbali na sisi: miaka sita baadaye, 1879, waya wa aina hiyo ulifika Zanzibar kutoka Aden, na pwani yetu ikaanza kupata habari za dunia kwa saa badala ya wiki.

Nikisoma habari hiyo leo nacheka kwa uchungu. Smith alikuta kifaa kinachofanya mambo ya ajabu, akauliza kwa nini. Mimi nilikuta kifaa kinachofanya mambo ya ajabu, nikaandika cheti cha kifo.

Mtu aliyeipa taa jicho

Miaka thelathini na kitu mbele, tunakutana na Msweden anayeitwa Gustaf Dalén. Taa za kuongozea meli zilikuwa zinachoma gesi, na nyingi zilikuwa kwenye miamba ya mbali ambako hakuna mtu wa kuzima asubuhi na kuwasha jioni. Mwaka 1907 akaja na valvu ya jua. Haikuwa na umeme hata kidogo. Ilikuwa na vijiti vya chuma, kimoja kimepakwa rangi nyeusi, vingine vimeng'arishwa. Mchana kile cheusi kinakunywa joto la mwanga, kinarefuka kidogo kuliko wenzake, kinafunga gesi. Giza likiingia kinarudi urefu wake, gesi inafunguka, taa inawaka.

Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwaka huo huo mlipuko wa gesi ukampofusha. Mtu aliyezipa taa macho akapoteza yake, na bado akaendelea kuiongoza kampuni yake kwa miaka mingi akiwa haoni.

Valvu ya Dalén ilikaa wazi ndani ya glasi. Hakuna aliyelalamika kwamba inaharibu sura ya mnara, kwa sababu mnara ni chombo cha kazi. Hata leo, ukitazama taa nyingi za barabarani, utaona juu yake kikofia kama kikombe cha chai kilichofunikwa. Hilo ni jicho, na hakuna aliyejisumbua kulificha.

Ila kuna sababu linakaa juu. Jicho likiwekwa mahali linapoiona taa yake lenyewe, litadhani kumekucha na kuizima. Giza likirudi litaiwasha. Likiiona tena litaizima. Kuna ploti moja kwetu Mbita waliweka taa namna hiyo, ikapepesa usiku mzima, majirani wakabaki kidogo tu wapige mabati kufukuza nyawawa.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ya jicho ni hii: lisione mwanga wake lenyewe. Ishike hiyo. Ndiyo iliyoniangusha.

Jicho linaingia sebuleni

Mambo yalibadilika jicho lilipoingia nyumbani. Sebuleni sura ni kila kitu. Kama unabisha, kumbuka TV ya nyanya yako na kile kitambaa cha krosheti alichoivisha kama bibi harusi.

Mwaka 1955 kampuni ya Zenith huko Marekani ilitoa rimoti isiyo na waya iliyoitwa Flash-Matic, kazi ya mhandisi Eugene Polley. Ilikuwa tochi tu, yenye umbo la bastola. TV yenyewe ilikuwa na macho manne, moja kila pembe ya kioo. Ukimulika pembe hii sauti inazima, ukimulika ile chaneli inabadilika. Tamu kweli, mpaka jua lilipoingia dirishani. Macho hayo hayakujua tofauti ya tochi na jua, kwa hivyo mwanga wa jua uliweza kukubadilishia chaneli katikati ya kipindi.

Mwaka uliofuata, 1956, Zenith ikaachana na mwanga. Robert Adler akaleta rimoti ya sauti: vijiti vya chuma vinavyogongwa na kutoa mlio mwembamba ambao sikio la mtu halisikii. TV haikuhitaji macho tena. Lakini miaka ya 1980 mwanga ukarudi, safari hii kwa akili zaidi. Ukawa mwanga wa infraredi, ambao binadamu haoni, unaopepesa kwa mpigo maalum ili jicho liutofautishe na jua. Na jicho likafichwa nyuma ya plastiki inayoonekana nyeusi au nyekundu iliyokolea.

Hiyo plastiki ni kama tinti ya V8 ya mheshimiwa. Wewe uliye nje unaona weusi tu. Aliye ndani anakuona mpaka rangi ya soksi. Kwa macho yetu dirisha limezibwa, kwa infraredi liko wazi. Hapo ndipo watengenezaji waligundua kwamba wanaweza kuwa na dirisha na bado wakwambie hakuna dirisha.

Shida ya rangi nyeupe

Simu za kioo kizima zikachukua ujanja huo huo. iPhone ya kwanza, 2007, ilikuwa na jicho la mwanga na la kujua uso uko karibu, na uso wake mweusi uliyaficha bila jasho. Rangi nyeusi ni rafiki wa fundi: inameza mwanga unaozurura ndani, na wino wake unaweza kutengenezwa upitishe infraredi.

Halafu 2010 Apple wakatangaza iPhone 4 ya rangi mbili. Nyeusi ikatoka Juni. Nyeupe ikasubiri, ikaahirishwa, ikasubiri tena, ikatoka tarehe 28 Aprili 2011. Karibu miezi kumi! Phil Schiller, mmoja wa wakubwa wa Apple, alieleza kwamba kutengeneza simu nyeupe si kupaka rangi tu, na kwamba mambo ya vihisi yalikuwa sehemu ya ugumu wenyewe. Fikiria hilo: kampuni tajiri namna ile, na kilichosaidia kuichelewesha ni kidoa ambacho mnunuzi hatakiwi kukiona.

Mwaka 2016 Xiaomi wakatoa Mi MIX, simu ambayo mbele ni karibu kioo kitupu. Jicho la kujua sikio liko karibu hawakulificha, walilitoa kabisa. Badala yake simu inatumia sauti isiyosikika kujua kama umeikaribia. Ni hadithi ya Adler wa 1956, imerudi ikiwa imevaa nguo mpya.

Siku hizi simu nyingi za bei kubwa zinaweka jicho chini ya kioo chenyewe, katikati ya vinukta vinavyotoa picha. Hapo jicho linapima mwanga wa chumba huku limefunikwa na kioo kinachowaka. Inabidi lipime ule muda mfupi sana ambao vinukta vilivyo juu yake vimezima, au lijue kioo kinatoa mwanga kiasi gani na kuutoa kwenye hesabu. Ni shida ile ile ya taa ya ploti, sasa iko mfukoni mwako.

Mkono wa mtoto

Sasa turudi kwetu. Nyanya yangu anaishi Mbita, Homa Bay. Huko watu na taa wana historia yao. Omena wanavuliwa usiku, na miaka mingi wavuvi waliwavuta kwa karabai za mafuta zinazoelea juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu wengi hawaendi, kwa sababu ziwa zima lina mwanga na taa yako haina maana. Yaani hata omena wana sheria zao za mwanga. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo hapo Mbita ambapo wavuvi walikodisha taa za betri zilizochajiwa kwa jua, na leo sola iko kwenye maboma mengi.

Nyanya ana taa ya sola inayowaka yenyewe giza likiingia. Nilipomtembelea, mchana wa jua kali, paneli ilikuwa imeshushwa chini ifutwe vumbi. Mtoto wa jirani akaifunika na leso. Taa ikawaka. Akaifunua, ikazima. Akacheza hivyo mpaka nyanya akamfukuza.

Mimi nikabaki nimesimama. Nikaifungua taa kutafuta jicho lake. Halikuwepo. Hakuna kidoa, hakuna dirisha, hakuna tinti. Paneli yenyewe ndiyo jicho. Mchana inatoa umeme, saketi inajua kuna jua. Umeme wa paneli ukishuka, saketi inajua usiku umefika. Kitu kikubwa kama sinia, kiko juu ya bati, mtaa mzima unakiona, na hakuna anayejua kwamba kinatazama. Mbinu zote za wino na tinti hazifikii hiyo, kwa sababu hapa hakuna kilichoongezwa, kwa hivyo hakuna cha kuharibu sura.

Lakini kilichonikaa kichwani ni ile leso. Jicho limefunikwa, taa imedhani ni usiku. Nikamkumbuka mama wa Sori. Simu yake ilidhani kila wakati iko sikioni. Ilikuwa imefunikwa na nini?

Niliporudi Migori nikamwaga lile kopo la vioo vilivyokufa. Kile chake kilikuwemo, bado kina kipande cha selotepu nilichoandika "Mama Omena Sori". Na pale juu, kimeng'ang'ania kioo cha zamani, kilikuwepo kipira cheusi kidogo kuliko punje ya mtama, chenye matundu mawili.

Tundu moja ni la kitaa, lingine ni la jicho. Kipira kinawatenganisha ili mwanga wa kitaa usipite kwa ndani na kuingia kwenye jicho moja kwa moja. Mimi niliweka kioo kipya na kukiacha kipira kwenye kile cha zamani. Mwanga ukagonga kioo kwa ndani, ukarudi kwa jicho hapo hapo, na simu ikaamini kuna shavu. Sheria ya kwanza. Jicho limeona mwanga wake lenyewe.

Maoni yangu, kisha nimalize

Sina vita na kuficha. Hata mimi napenda simu inayovutia. Lakini kuna tofauti ya kumficha mnunuzi na kumficha fundi. Valvu ya Dalén ikiharibika, fundi aliiona. Kipira cha simu hakuna popote pameandikwa kwamba kipo, hakuna mshale ndani ya kasha, hakuna karatasi. Fundi wa kibanda anajifunza kwa kuua simu za akina mama, na bili inalipwa na mama. Watengenezaji wakifika ndani ya kasha, mahali ambapo hakuna mnunuzi atakayeona, waweke hata alama. Haiwagharimu sura.

Na sisi mafundi tujifunze kusema "sijui, niachie mpaka kesho". Nawe, kabla hujaambiwa bodi imekufa, toa protekta kwanza. Nyingi zenye mpaka mweusi zinaziba jicho. Futa, jaribu kupiga simu, ndio uanze kulia.

Nilipanda matatu hadi Sori na kipira kwenye kikaratasi. Mama alikuwa bado nayo, mjukuu anaangalilia video. Dakika kumi. Nikapiga namba yangu, nikaweka sikioni, kioo kikazima, nikatoa, kikawaka. Nikakata.

"Kwa hivyo haikuwa imekufa?" akauliza.

"Haikuwa, mama."

"Na hii nyingine nalipa kila siku."

Nikamtolea ile mia tatu pamoja na pesa yangu ya kazi ya siku ile. Haikukaribia deni lake, na sote wawili tulijua. Akahesabu, akaifunga kwenye pindo la leso, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Basi uangalie na rimoti. Imekataa tangu Jumapili."

Nikafungua kamera ya ile simu iliyofufuka, nikaielekezea rimoti, nikabonyeza. Kwenye kioo tukaona kitaa cha zambarau kinapepesa, kile ambacho macho matupu hayakioni. Rimoti ilikuwa nzima. Nikatazama TV. Binti yake alikuwa ameiletea kitambaa kipya cha krosheti, kizito, kimeshuka mpaka chini ya kioo.

Nikakikunja vidole viwili juu. TV ikawaka.